Mwaka wa Mwisho Si Mwaka wa Kungoja

Twataka kusema neno juu ya vijana wetu walio katika mwaka wa mwisho wa Chuo Kikuu. Neno lenyewe si tamu, na yamkini wako watakaotununia kwa ajili yake. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, na kazi ya mwalimu si kusema yapendezayo tu.

Neno letu ni hili: mwaka wa mwisho wa chuo ni mwaka wa kuitengeneza kazi, wala si mwaka wa kuingoja. Kijana aupitishaye mwaka huo akikesha juu ya mitihani peke yake, na shauri la kazi akaliahirisha hata siku ya mahafali, ajitia hasarani. Na wale wamwambiao kwamba ndivyo ifaavyo, wawe wazazi, wawe walimu, wawe wakuu wa chuo, wamdhulumu. Twasema "wamdhulumu," nasi tumelipima neno hili kabla ya kuliandika.

Kila mahali twasikia msemo mmoja. Mzazi ausema kijijini, mwalimu ausema darasani, na mwanafunzi mwenyewe ausema kwa wenzake: "Soma kwanza, kazi itakuja yenyewe." Msemo huu umekaa vinywani mwa watu siku nyingi hata umekuwa kama methali, wala hakuna aulizaye ulitoka wapi. Sisi tumeuliza, nasi tumeona kwamba zamani ulikuwa kweli.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1961, katika nyumba ya chama cha TANU, wanafunzi wake hawakufika 20, na wote walisoma sheria. Miezi miwili haijatimia, nchi ikapata uhuru wake. Wageni waliokuwa wakishika madaraka wakaanza kuondoka, na viti vyao vikawa wazi. Katika siku hizo mwenye shahada hakuitafuta kazi. Kazi ilimtafuta yeye. Serikali ilimlipia masomo yake, ikahesabu waganga wangapi na mahakimu wangapi na walimu wangapi wanahitajiwa, kisha ikampangia mahali pa kwenda. Tena, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana aliyemaliza shule alitakiwa kwenda kufanya kazi kwanza, ndipo afikiriwe kuingia Chuo Kikuu. Basi kijana wa siku hizo aliingia darasani akiwa amekwisha kuijua kazi, na alipomaliza alijua aendako. Kwake yeye, kungoja hakukuwa na hatari, maana aliyemngoja alikuwa njiani.

Mambo hayo yamepita. Katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza watumishi wake, na mashirika mengi ya umma yakauzwa. Walimu walibaki kwa muda mrefu wakipangiwa shule mara wamalizapo masomo, nayo desturi hiyo imekoma. Mwanzo wa mwaka 2025 walimu wenye vyeti na shahada waliitwa kwenye usaili kama waombaji wengine wote: walioomba walipita 200,000, na nafasi hazikufika 15,000. Katika mwaka huo huo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakapita 135,000; maana yake ni watu 84 kwa kila nafasi moja. Wala jambo hili si la jana. Mwaka 2014, watu zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Kiwanja kilichojengwa kwa ajili ya mpira kiligeuka darasa, na vijana waliketi juu ya ngazi za watazamaji wakiandika majibu.

Basi siku zimebadilika, lakini msemo haukubadilika. Hapo ndipo penye madhara.

Tazameni jinsi madhara hayo yaingiavyo nyumbani. Kijana aja likizo katika mwaka wake wa mwisho. Mama yake amwuliza, "Mwanangu, ukimaliza mwaka huu wataka kufanya kazi gani?" Kijana ajibu, "Mama, wewe niombee nifaulu tu. Hayo mengine tutayaona mbele." Mama aridhika, kwa kuwa yeye hakusoma, naye adhani kwamba asomaye ndiye ajuaye. Miaka miwili ikiisha kupita, mama yule yule auza mbuzi wa pili ili kijana apate nauli ya kwenda Dodoma kwenye usaili, na wadogo zake kijana wamekwisha kurudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule. Hakuna mtu nyumbani mle aliyekuwa mvivu. Kijana alisoma usiku na mchana, na mama alilima. Lakini lile "mbele" walilosema wangeliona, hakuna aliyekwenda kulitazama mapema.

Kwa binti mambo huwa mazito zaidi. Akikaa nyumbani mwaka mmoja bila kazi wala shauri la kuwaonyesha jamaa zake, huanza kusikia kwamba elimu imekwisha kumtosha, na sasa yafaa aolewe. Hatuandiki haya kuipinga ndoa. Twapinga binti kuamuliwa maisha yake na watu wengine kwa sababu tu hakuna aliyemsaidia kuyaamua yeye mwenyewe wakati ulipokuwapo.

Sasa, twajua kwamba wako watakaotujibu. Majibu yao tumeyasikia mara nyingi, nayo ni matatu. Tuyatazame moja moja.

Jibu la kwanza husema: "Mitihani ni mizito. Kijana hawezi kushika mambo mawili. Na amalize kwanza." Sisi hatusemi aache mitihani. Asiyefaulu hana la kupeleka popote. Lakini mwaka wa masomo huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, na mitihani ya mwisho huwa katikati ya mwaka ufuatao. Katika miezi hiyo yote, je, hazipatikani saa tatu katika juma kwa ajili ya jambo litakaloshika miaka 30 ya maisha? Tena yako mambo ambayo mwanafunzi hana budi kuyafanya, atake asitake, nayo yaweza kuwa ni kutengeneza kazi ile ile. Chukueni mfano wa utafiti wa mwisho, ule ambao wanafunzi wengi huandika kabla ya kumaliza. Yuko kijana asomaye mambo ya kilimo, akachukua swali lililokwisha kuulizwa mara mia, akanakili huku na huku katika intaneti, akafunga kitabu chake kwa jalada zuri na kukipeleka kikakae kabatini. Yuko mwenzake aliyekwenda Mtwara kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa korosho. Akamwuliza mwenye ghala ni jambo gani limsumbualo katika kupokea na kutunza mzigo chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, akalifanya jambo hilo kuwa swali la utafiti wake. Wote wawili waliandika kurasa zile zile, na pengine walipata alama zile zile. Lakini huyu wa pili, siku amalizapo, yako mahali duniani ambapo watu wanalijua jina lake na wanajua kwamba aliwafaa. Je, alipoteza saa ngapi za mitihani? Hata moja.

Jibu la pili husema: "Mnajisumbua bure. Kazi za siku hizi ni za kujuana. Asiye na mjomba ofisini hapati." Katika jibu hili mna ukweli, nasi hatutaki kuufunika. Upendeleo upo, nao ni uovu, na kila anayempa ndugu yake nafasi isiyomstahili amemwibia mtoto wa mtu mwingine. Walakini twawaonya vijana wasilifanye jambo hili kuwa mto wa kulalia. Maana kujuana ni kwa namna mbili. Iko namna ya mjomba, nayo ni haramu. Iko na namna ya pili: mtu kujulikana kwa kazi yake. Mwalimu mkuu akihitaji mwalimu wa hesabu wa kumshikia darasa, humkumbuka nani? Humkumbuka yule kijana aliyekuja shuleni kwake kwa mafunzo kwa vitendo, akafika kabla ya kengele, akasahihisha madaftari yote, na watoto wakamlilia siku ya kuondoka. Hamkumbuki yule aliyekuja siku tatu, akatoweka, kisha akarudi siku ya mwisho kutafuta sahihi na muhuri katika daftari lake.

Nasi twasikitika kusema kwamba wa namna hii ya pili ni wengi. Vyuo vyetu huwatoa wanafunzi kwenda kujifunza kazi katika shule, hospitali, mahakama, viwanda, mashamba na ofisi. Kwa mtoto wa maskini asiye na mjomba, majuma hayo ndiyo mlango wake wa pekee wa kujulikana. Lakini yeye huyahesabu kama adhabu, akasema, "Hawanilipi, kwa nini nijichoshe?" Kisha, baada ya kumaliza, alalamika kwamba hakuna amjuaye. Ndugu kijana, watu walikuwa tayari kukujua, uliwanyima nafasi.

Jibu la tatu ndilo lituchukizalo kuliko yote, kwa sababu hutoka kwa wakubwa, na hutolewa kwa sauti ya hekima. Siku ya mahafali vijana huketi juani na majoho yao meusi, wazazi wametoka mbali kwa mabasi, na mgeni wa heshima husimama na kusema: "Vijana, msitegemee kuajiriwa. Jiajirini!" Watu hupiga makofi. Mgeni huketi, kisha hupanda gari lake na kwenda zake.

Twauliza: shauri hili lampasa nani, na lampasa lini? Kama ni shauri jema, mbona lasemwa siku kijana afungapo sanduku lake? Amekaa chuoni miaka mitatu au minne, na katika muda huo wote hakuna aliyemfundisha kununua kitu kwa bei ya jumla na kukiuza kwa rejareja, wala kuandika hesabu za duka dogo, wala kujua kodi hulipwa wapi na leseni hutolewa na nani. Alipimwa kwa mitihani ya kuandika, akafaulu. Sasa aambiwa kwamba mtihani wa kweli ni mwingine, na tayari umekwisha kuanza. Anayemtupa mtoto majini siku ya gharika na kumwambia, "Ogelea," asijisifu kwamba ni mwalimu wa kuogelea.

Hatusemi kujiajiri ni kubaya. Wako vijana wenye shahada wanaofuga kuku, wanaoshona, wanaotengeneza programu za simu, wanaosaga unga na kuutia katika mifuko mizuri, nao wanaishi kwa heshima kuliko wengi walio ofisini. Lakini ukiwauliza habari zao, utaona kwamba karibu wote walianza kidogo kidogo kabla ya kumaliza chuo, au walijifunza kwa mtu. Tena iko sheria njema ambayo wengi hawaijui: Halmashauri zetu zimeagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hutakiwa kuombwa kwa kikundi kilichoandikishwa, chenye kazi inayoonekana. Basi kikundi hicho kitaundwa lini? Wenzi waaminifu hupatikana wapi kwa urahisi kuliko chuoni, ambako mmejuana miaka mitatu, na kila mmoja amekwisha kumwona mwenziwe akishika fedha za watu? Siku ya mahafali kila mtu huenda kwao, huyu Kigoma, huyu Tanga, huyu Songea. Na kikundi kisichoundwa kabla ya siku hiyo ni vigumu kuundwa baadaye.

Basi tukiisha kuyajibu haya matatu, yatupasa kusema wazi kazi ya mwaka wa mwisho ni ipi, maana kukemea bila kuonyesha njia ni kelele tu. Twaitaja kwa mambo matano.

La kwanza, kijana na achague kazi, wala asichague cheo. Ukimwuliza mwanafunzi ataka kuwa nani, atakujibu "meneja" au "ofisa." Mwulize ofisa huyo hufanya nini Jumatatu asubuhi, naye hana jibu. Na aende kwa watu watatu wanaoifanya kazi aipendayo, mmoja aliyeanza juzi, mmoja wa makamo, na mmoja aliyekaribia kustaafu, awaulize: Kutwa mnafanya nini? Mlianzaje? Ni ujuzi gani mlioukosa mlipotoka chuoni? Watu wazima hupenda kuulizwa kwa adabu habari za kazi zao, na ni wachache watakaomfukuza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

La pili, na aijue milango ya sheria iliyo mbele ya kazi yake. Hapa twaona maajabu. Wako wanafunzi wa sheria wafikao mwaka wa mwisho wakidhani kwamba shahada yao itawafanya mawakili, na hali tangu mwaka 2008 iko Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambako hawana budi kupita kwanza, nayo ina ada yake na mitihani yake. Mganga hana ruhusa ya kujitegemea asipomaliza mwaka wa utarajali hospitalini. Mhandisi huandikwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuitwa mtaalamu. Mhasibu hungojwa na mitihani ya Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mambo haya si siri; yameandikwa wazi. Lakini ajuaye mapema huweka akiba ya ada, na asiyejua huyakuta kama ukuta njiani.

La tatu, na atengeneze vyeti vyake. Msomaji asicheke kwa kuwa jambo hili ni dogo, maana kamba hukatikia pembamba. Katika cheti cha kuzaliwa kijana aitwa Yohana. Katika cheti cha kidato cha nne aitwa John. Katika kitambulisho cha Taifa jina la babu limeongezwa na la baba limekosewa herufi. Kwa miaka yote hakuna aliyejali. Kisha tangazo la kazi latoka, na siku za kuomba ni 14. Ndipo aanzapo kukimbilia hati ya kiapo, na kumtafuta wakili, na kupanga foleni katika ofisi ya vitambulisho. Na kabla hajamaliza, siku zimekwisha. Wako waliofika hata kwenye chumba cha usaili wakarudishwa kwa sababu ya herufi moja. Jambo la kutengenezwa kwa majuma machache ya mwaka wa mwisho limemnyima mtu mkate wake.

La nne, na ajifunze kuandika barua ya maombi na kueleza habari zake kwa ufupi na kwa kweli. Twashangaa kuona mtu aliyesoma miaka 16 akinakili barua ya mwenziwe neno kwa neno, hata akasahau kuliondoa jina la mwenye barua. Na awatafute wadhamini wake angali chuoni, walimu wanaomjua kwa uso na kwa kazi, awaombe ruhusa kabla ya kuwataja. Mwalimu mwenye wanafunzi 300 darasani hawezi kumsifu mtu ambaye hakupata kusikia sauti yake.

La tano, na alijue deni lake. Wengi wa vijana wetu wamesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004. Fedha hizo si zawadi. Aajiriwaye hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hata deni liishe, naye ajitegemeaye pia adaiwa. Haki yenyewe hatuipingi, maana fedha irudiyo ndiyo itakayomsomesha mdogo wake. Lakini kijana asiyejua kiasi cha deni lake hawezi kupima kama mshahara fulani utamtosha kulipa nyumba, na chakula, na nauli, na kumtumia mama yake. Hesabu hiyo na aifanye kabla ya kutia sahihi mkataba wa kwanza.

Mambo haya matano hayahitaji fedha nyingi, wala hayahitaji mjomba. Yahitaji kuanza mapema, basi.

Lakini haitakuwa haki kumtwika kijana mzigo wote. Twawageukia na wengine.

Enyi wazazi, acheni kuuliza tu, "Utamaliza lini?" Ulizeni pia, "Ukimaliza utakwenda kwa nani, na umekwisha kuonana naye?" Swali hili halihitaji mzazi awe amesoma. Mkulima ajua kwamba jembe hununuliwa kabla ya mvua, na mvuvi ajua kwamba nyavu hushonwa jahazi lingali pwani. Mnayo elimu hiyo. Msiwaachie watoto wenu wasiyo nayo kwa kuwa tu wanasema Kiingereza. Tena msimdharau mtoto arudiye na shauri la kazi ya mikono. Wako wazazi wasemao, "Sikukusomesha ili uje kuuza mboga," kisha wakamlisha kijana huyo miaka mitatu nyumbani akiwa hauzi kitu. Kati ya mambo hayo mawili, aibu iko wapi?

Nanyi wakuu wa vyuo, kwenu tuna madai mawili, nasi hatutaacha kuyadai. Kwanza, shauri la kazi litolewe mwanzo wa mwaka wa mwisho, kwa saa zilizopangwa, na mtu aliyewekwa kwa jambo hilo, wala si kwa hotuba moja ya siku ya majoho. Kila idara na iwaite wanafunzi wake wa zamani, waliofanikiwa na waliotaabika pia, waje waseme mbele ya wadogo zao mambo yalivyo. Pili, kila chuo na kiandike katika daftari wanafunzi wake wamekwenda wapi, mwaka baada ya mwaka, na daftari hilo lisomwe waziwazi siku ya kupokea wapya. Mkulima asiyejua mavuno ya shamba lake twamwita mzembe. Basi chuo kinachojua idadi ya waliovaa majoho, na hakijui idadi ya waliopata kazi, tukiite nani?

Na walimu wenzetu wa sekondari, msidhani kwamba haya ni ya vyuo peke yake. Kijana huchagua masomo ya Chuo Kikuu akiwa bado mikononi mwenu. Mwanafunzi atakaye ualimu na aambiwe kweli juu ya hesabu zile za mwaka 2025, si ili aukimbie ualimu, maana nchi bado ina watoto wengi na madarasa yaliyojaa, bali ili aingie akijua, ajitengeneze kuwa bora kati ya wale 200,000, na awe na kazi ya pili mkononi wakati angojapo ya kwanza.

Mwisho twasema nawe, kijana uliye katika mwaka huo. Hatukuahidi kwamba ukifanya haya yote utapata kazi upesi. Nafasi ni chache, na ulaghai upo, na wako waliojitahidi wakakosa. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakudanganya. Lakini liko jambo moja lililo katika uwezo wako, nalo ni kutofika siku ya mahafali ukiwa mgeni wa dunia unayoingia. Uwe umekwisha kuonana na watu watatu. Uwe umeacha jina jema mahali ulipojifunzia kazi. Uwe na vyeti vyenye jina moja, na barua uliyoiandika mwenyewe, na hesabu ya deni lako. Hapo, hata ukingoja, utangoja ukiwa njiani, si ukiwa umeketi barazani.

Juma hili uko chuoni, na maktaba iko wazi, na walimu wako wanapatikana, na nauli ya kwenda mjini ni ndogo kuliko itakavyokuwa kutoka kijijini kwenu. Ondoka, ukaulize.